Dawa za Nguvu

Kaka yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi hatujambo, ila usingizi umenikimbia. Naandika nimesimama, karatasi ikiwa juu ya friji, maana nikikaa najikuta nimesimama tena. Baba aliugua ghafla, lakini sasa hajambo. Nakuambia mapema usije ukapaparika. Yuko wodini, na jana alimlalamikia muuguzi kwamba chai haina sukari.

Nimeituma barua kazini kwako kwa sababu simu yako hupokelewa na wifi, na haya si ya masikio yake.

Jumanne asubuhi tuliitwa kwa mzee mwenye maumivu ya kifua. Anwani iliposomwa redioni nikajua ni kwetu. Nilikuwa zamu na mwenzangu wa gari la wagonjwa, yule tunayemwita Breki kwa kuwa hakuna dawa inayompita bila kusimamishwa kwanza. Njiani aliniambia nikiona siwezi, nikae pembeni. Nikamjibu naweza. Kichwa changu kigumu unakijua.

Tulimkuta Baba sebuleni, shati limelowa jasho, mkono umeng'ang'ania kifua. Breki akampima presha na kumbandika nyaya za mashine ya moyo. Mimi nikamuuliza kama aspirini humdhuru, au kama ana vidonda vya tumbo. Alipokana nikampa atafune. Kisha nikashika dawa ya kupuliza chini ya ulimi. Hiyo hutanua mishipa na kupunguza maumivu, lakini kwetu ni mwiko kumpulizia mtu aliyemeza vidonge vya nguvu za kiume siku hiyo au jana yake. Presha huporomoka ghafla, na mgonjwa anaweza asiinuke tena. Kwa hiyo lazima tuulize. Nawauliza wanaume kila siku wala sioni haya. Lakini huyu alikuwa Baba, na Mama amesimama mlangoni. Nikaumauma maneno, nikamuuliza kama ametumia dawa za nguvu.

“Nguvu nizitoe wapi, mwanangu,” akasema. “Hata kusimama siwezi.”

Nikalichukua hilo kuwa ni hapana, nikafungua kifuniko. Breki akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeuliza au nimeficha aibu yangu. Akainama, akamuuliza Baba waziwazi, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Baba alikasirika licha ya maumivu yale. Akasema hajawahi, na mkewe ni shahidi. Ningekuwa peke yangu ningepuliza. Breki hakuridhika, akamwomba Mama alete kila kitu Baba anachomeza. Mama akaja na dawa za presha na kopo la vitamini. Nikalimimina kiganjani. Zile hazikuwa vitamini, Kaka. Vidonge vile navijua kama funguo za nyumba yangu. Baba akasema alimeza kimoja alfajiri ile, kwa ajili ya magoti.

Nilirudisha kifuniko. Tukamkimbiza hospitali bila kumpulizia, tukawaeleza madaktari alichomeza, nao wakamzibua mshipa wa moyo siku hiyo hiyo.

Kasheshe ikaja baadaye. Daktari alieleza mbele ya Mama vidonge vile ni vya nini. Tangu hapo Mama anamletea Baba chakula, anakiweka mezani, anakaa akitazama dirisha. Baba amemwapia sijui mara ngapi kwamba hana mwanamke wa nje. Akiulizwa kopo limetoka wapi, anafunga mdomo.

Nilimbana tukiwa wawili tu. Akaniambia alilikuta chumba cha wageni ulipoondoka mwezi uliopita. Alikuona ukimeza kimoja jioni kabla ya kutoka, akadhani vitamini hizo ndizo siri ya kuchangamka kwako, na zitamfaa magoti. Alipoelewa kwa daktari, aliamua kubeba lawama yako.

“Mimi na mama yako tutapatana,” akaniambia. “Kaka yako mkewe hatamsamehe. Mwache.”

Ulikuja peke yako, Kaka. Ulikokuwa unakwenda jioni zile sikuulizi. Lakini nina hasira nawe, na nakupenda, na vyote viwili vinaniamsha usiku. Njoo ukae mbele ya Mama, useme kopo ni lako. Jana aliniuliza huyo mwanamke ni nani, na kama ninamjua. Nilimjibu simjui. Baba alikuwa anatusikia, akageukia ukutani.

Wabusu watoto, waambie babu yao anawaulizia kila siku. Wifi sijui nimsalimieje, kwa hiyo safari hii usimpe salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
wa gari la wagonjwa