Mpita Njia Ni Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu zangu na unisaidie upesi, maana nimebakiwa na siku tisa tu na kichwa kinanizunguka. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, kazi yangu ni kupima programu za kompyuta, na nje ya ajira niko kwenye mradi wa programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi, mtu yeyote popote alipo anausoma, anaurekebisha na kututumia alichorekebisha, na hii yetu inaiwezesha kompyuta moja kubwa kubeba kompyuta nyingi ndani yake, kila moja ikijiona iko peke yake. Ile inayobeba tunaiita mwenyeji, zile za ndani tunaziita wageni, na sheria kuu ni kwamba mgeni asichungulie chumba cha mgeni mwenzake, maana huenda mmoja ni wa zahanati na mwingine ni wa duka. Mimi ndiye mkaguzi, kitu hakiingii mpaka nikipime niseme ndiyo.

Mradi huu niliingia na mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, amenifuata mgongoni. Tulikuwa tunakaa nyumbani, yeye anaandika ukumbini, mimi naijaribu jikoni nione itavunjika wapi, anapaza sauti, "Dada, hujaivunja tu?" namjibu, "Ngoja, iko karibu," na mama anatoka mbio anauliza ni nani anavunja vyombo vyake, tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Miaka mitatu iliyopita alituma kazi aliyoihangaikia miezi saba, nikaipima ikaanguka jaribio la kwanza, na mimi siku hiyo nilikuwa nimechoka nimevurugwa, nikaandika mbele ya wote, "Mwandishi hakuijaribu kazi yake hata mara moja. Huu ni uvivu." Watu wa nchi sijui ngapi wakasoma. Na ni kweli hakuijaribu, kwa sababu wiki zile alikuwa wodini na mama ili mimi nisikose kazini, na wiki iliyofuata mama akafariki. Msibani nilimwendea mdogo wangu akanipa mkono akaniambia, "Asante kwa kuja." Mimi, mtoto wa marehemu.

Tangu hapo alijitoa kwenye mradi, simu zangu hapokei. Anatengeneza printa kwenye duka moja la vifaa vya ofisi, huwa napita ng'ambo ya barabara, namwona mgongo ameinamia mashine, napunguza mwendo, halafu naendelea na safari.

Sasa miezi minne iliyopita zikaanza kuja kazi kutoka kwa mtu anayejiita Mpita Njia, kazi safi, na kwenye majaribio yake alitengeneza wageni watano akawapa majina: Ukumbini, Jikoni, Kwa Bibi, Uani na Makao Makuu. Wenzangu waliona ni majina tu, mimi niliinuka kitini nikaenda kunawa uso. Hivyo ni vyumba vya nyumbani kwetu, na Makao Makuu ni upenyo kati ya kabati na ukuta tulikojificha wawili vyombo vya kuosha vilipokuwa vingi, hata mama amekufa bila kupajua. Siku hizi kila asubuhi kabla ya chai nafungua kompyuta nione kama ameandika. Namwandikia, "Asante Mpita Njia, imepita." Anajibu, "Asante, mkaguzi." Mazungumzo yetu ni hayo tu, na mshauri, ndiyo yananiweka mjini.

Tatizo ni kwamba wiki hii ametuma kazi kubwa inayofanya wageni wawake kwa nusu ya muda, kila mtu anashangilia, na kiongozi wa mradi ameniandikia, "Toleo jipya linatoka baada ya siku tisa, nasubiri neno lako tu." Nimeijaribu mara mia nne ikawa shwari, mara ya mia nne na kumi na mbili Jikoni akasoma neno lililokuwa la Ukumbini. Nikarudia, ikatokea tena. Kosa ni mistari miwili, nimeshairekebisha kwenye mashine yangu. Je, niichomeke kimyakimya kwa jina lake niseme imepita, au niikatae hadharani nimpoteze mara ya pili? Na je, nimwambie kwamba namjua, au ninyamaze asije akatoweka kabisa? Nimemkumbuka mno, mshauri.

Dada Mkaguzi

*

Mwanangu Mkaguzi,

Kompyuta mimi naijua kuwasha na kuzima tu, kwa hiyo hayo ya wageni na wenyeji nimeyasoma mara mbili. Yaliyobaki nimeyaelewa mara ya kwanza.

Pole kwa msiba wa mama. Nakuonea huruma, na nitakugombeza hivyohivyo. Barua yako ndefu, umenieleza jaribio la mia nne na kumi na mbili, lakini neno "samahani" nimelitafuta na miwani yangu sijaliona. Kijana alikaa wodini badala yako, wewe ukamwita mvivu mbele ya ulimwengu, na miaka mitatu hujamtamkia kwamba ulikosea. Halafu unaogopa atatoweka! Aliyekuwa anatoweka kila siku ng'ambo ya barabara ni nani?

Hebu fikiri kidogo. Mtu anayetaka kujificha haandiki vyumba vya nyumbani kwao mahali ambapo mkaguzi ni dada yake. Huyo amepiga hodi. Miezi minne amesimama mlangoni, na wewe uko nyuma ya mlango unamjibu "imepita".

Kumrekebishia kimyakimya, sahau. Kesho akijua, na atajua, ataona umemfanya mtoto, na zahanati zako zitakuwa zimetegemea kazi ambayo mwenyewe haelewi ilikuwa na kasoro gani. Kazi yake ikatae. Lakini si leo.

Kesho vuka barabara. Usibebe kompyuta, usimtume mtu, usitangulize ujumbe. Mwombe msamaha kwa neno lile na kwa siku zile za wodini ulizomwachia peke yake, kisha ufunge mdomo, umwache aseme lolote, hata likiwa chungu. Akikufukuza, ondoka kwa heshima, urudi wiki inayofuata. Ukitoka hapo, nenda palepale ulipomtukana, uandike mbele ya walewale kwamba ulimsingizia. Kumkosea umemkosea hadharani, usimsafishe chumbani. Baada ya hayo ndipo uandike ukaguzi wako: nimeona hiki, jaribio hili, mstari huu. Bila kivumishi hata kimoja. Toleo likichelewa, lichelewe. Kiongozi wenu hatakufa.

Nenda, mwanangu. Na uende mchana, duka likiwa wazi, asipate nafasi ya kuzima taa akajifanya hayupo.

*

Barua hii fupi ilitufikia siku kumi na mbili baadaye:

Mshauri, nilikwenda. Aliniona mlangoni, akaweka bisibisi chini, akauliza, "Umekuja kama mkaguzi au kama dada?" Nikamwambia, "Dada. Mkaguzi atakuandikia kesho, na habari zake si nzuri." Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama, mteja mmoja akisikiliza yote. Alifunga duka, tukatembea mpaka kaburini kwa mama, ambako tangu mazishi hatukuwahi kwenda pamoja, na tukiwa pale akaanza kunisimulia zile wiki za wodini, siku moja baada ya nyingine, mama alikula nini, alisema nini, alimuulizia nani. Alinisimulia mpaka jua likatuhama. Vingi sikuwa navijua. Ijumaa nakwenda tena, hajamaliza.