Landrova ya kijani

Kombo, nimechoka mwenzangu. Hii gari sitaki hata kuiona.

Ile ya rimoti, si unajua nilivyoihangaikia? Nimeivalisha bodi ya Landrova ya zamani, kijani, kama ile kwenye picha ya enzi za Ujamaa. Taa mbili mbele nimezifuata Kilindoni, na kipaza sauti kidogo juu.

Leo nikaiendesha mpaka miguuni kwa bibi nimchekeshe. Nikawasha taa.

Hakucheka. Akaniuliza, "Wamerudi?"

Nani, bibi?

"Wa kutuhamisha."

Wallahi akainuka, akakunja mkeka. "Waambie tunatoka wenyewe, wasitubomolee."

Wasitubomolee, Kombo. Kwa gari ya kuchezea.

Nikamwambia usiogope bibi, tazama, haina mtu ndani. Akanijibu taratibu, "Hata siku ile walituambia tusiogope."

Nimezima taa, nimeng'oa bodi, zimebaki nyaya na magurudumu. Nikamwonyesha. Hata hakugeuka.

Mpaka sasa yuko mlangoni na furushi lake. Amesinzia, ndiyo nimelifungua.

Hamna nguo yake hata moja. Kafunga zangu tu.