Jivu la Mekoni

Junda, Kisauni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu wako waendeleaje? Na mdogo wangu Mishi, tumbo lake limeshuka? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila usingizi ndio umetuhama. Naandika kichanga wangu Swafia yuko mapajani, basi usiucheke mwandiko.

Kwenye simu sikukwambia kwa sababu ungelia. Swafia aliugua. Mavyaa wangu, mamake mume wangu Salim, alimtia jivu kitovuni kama mfanyavyo nyote, nami nikanyamaza kwa heshima. Siku ya tano kitovu chekundu, chanuka, mwili moto. Nikakimbilia zahanati. Muuguzi akauliza, "Umemtia nini?" Nikajibu, "Sijamtia kitu." Wallahi mama, nilidanganya na mtoto anaungua mikononi mwangu, kwa kuwaonea haya wanawake waliokuwa kwenye foleni.

Hakunigombeza. Alinivuta kando akasema, "Hata mimi nilitiwa. Niambie, nijue pa kuanzia." Nikamwambia. Mtoto akachomwa sindano siku saba, akapona.

Kisha akaniomba nije na mavyaa siku ya kliniki. Akamkalisha mbele ya kina mama, kwa adabu.

"Mama, jivu hulitoa wapi?"

"Mekoni. Kwani huuzwa dukani?" Watu wakacheka.

"Na kuku hupita hapo mekoni?"

"Hupita."

"Na paka?"

"Ndipo alalapo."

Mavyaa akavitazama vidole vyake. "Lo! Basi mavi yao ndiyo niliyompaka mjukuu wangu."

Sasa mama, Mishi atajifungulia kwako, na najua jivu umeshalichekecha ukaliweka koponi. Limwage. Kitovu kiachwe kikavu, kisiguswe ila kwa mikono iliyooshwa, na dawa iwe ile atakayopewa kliniki. Hili sikuombi, nakwambia. Unisamehe ukali wangu.

Nimemfikiria sana yule mtoto wako aliyenifuata mimi kuzaliwa, aliyekakamaa siku ya saba akafa, mkasema ni dege, pepo wa watoto. Sijui ilikuwa nini, wala sikulaumu. Ulimpenda kama unipendavyo, ukamfanyia ulilofundishwa. Hakuna muuguzi aliyekukalisha akakueleza. Mimi nimeelezwa, nami ndiyo hivyo nimekueleza.

Nisalimie baba, na Mishi umshike tumbo kwa niaba yangu. Bibi mkunga naye msalimie, lakini yeye umwite akae, umsomee barua yote.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Mwanasiti, mama Swafia