Moto wa Mwezi wa Tano

Kamina, mwezi wa tatu

Baba yangu mpendwa,

Kabla sijasema langu, niambie goti lako. Mtu aliyenikabidhi samaki wenu wakavu pale stesheni alisema sasa unafika shambani bila fimbo. Nilifurahi, ila najua unavyowaficha wageni maumivu yako. Na mama, kikohozi kimemwachia? Mdogo wangu Banza je, anaandika bila kusukumwa? Mimi niko mzima. Shangazi, dada yako, ananitunza vizuri, na mvua za huku bado zinapiga bati kila alasiri kiasi kwamba darasani hatusikilizani.

Nina habari moja kubwa. Nimesema mbele ya watu, Baba. Mimi, ambaye ulizoea kunisukuma mgongoni ili nisalimie wageni.

Ilianza hivi. Mwalimu wetu wa jiografia, profesa kama tunavyowaita huku, alitugawia mada za kueleza siku ya wazazi, mwisho wa muhula. Wenzangu walikimbilia shaba, reli na mto Lualaba. Iliyobaki hakuna aliyeitaka: gesi zinazopasha dunia joto, zile zinazotoka katika kilimo na ardhi ya nchi yetu. Niliichukua kwa sababu sikuthubutu kubishana.

Katika maktaba ya parokia nilipata ripoti yenye mchoro. Ulikuwa mstari tu wa gesi hizo, unaopanda mwaka baada ya mwaka. Nilimpelekea profesa nikamwambia ripoti imekosea, kwa maana mimi nilitazamia migodi na malori, nayo inasema sehemu kubwa ya gesi zetu inatoka kwenye miti inayokatwa, mashamba na pori linalochomwa, na makala, yaani mkaa wa kupikia. Hakucheka. Alinirudishia akaniambia nisome tena, polepole.

Basi nikasomea jikoni kwa Shangazi. Unajua anauza makala mbele ya nyumba. Nilipomweleza ninachosoma, aliacha kusonga bukari, ugali wetu wa jioni, akaniangalia na mwiko mkononi.

"Ile bukari unakulaka kila siku inaivaka na nini? Na jua?"

Nikatazama makala yaliyokuwa yakiwaka chini ya sufuria. Jirani aliyekuja kununua makala alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Lakini Shangazi alipochoka kunitania alisema jambo ambalo sikulipata kitabuni. Zamani waliomletea makala walifika asubuhi na kurudi kwao kabla jua halijawa kali. Sasa wanasukuma baiskeli siku mbili, kwani miti ya karibu imekwisha, na ile inayochipua haikui, moto unaikuta kila mwaka.

"Weye unasomaka ile mustari mu kitabu," akasema. "Minyi naisomaka mu miguu ya bale banaume."

Hapo ndipo nilipoelewa. Shamba likichoka, sisi tunaliacha lipumzike na kukata msitu mpya. Tunasema pale pa zamani patarudi kuwa msitu. Haparudi, Baba. Kila Agosti moto mkali unaua miche, na tunapopahitaji tena tunakuta nyasi tupu, kwa hiyo tunakata msitu mwingine, mbali zaidi. Vijiji vyote vikifanya hivyo, mstari utaacha kupanda lini?

Siku ya wazazi nilisoma nikiwa nimeficha uso nyuma ya karatasi. Nilipomaliza, alisimama mwanajeshi mmoja wa Base, ile kambi kubwa ya jeshi, baba wa mwenzangu, ambaye analima nyuma ya kambi.

"Mutoto, minyi niko na batoto saba. Unataka tuache kulima, tukule hewa?"

Ukumbi mzima ulicheka. Nilimtazama profesa, naye akatazama dirisha. Basi nikaiweka karatasi chini.

"Hapana, papa. Tulime. Moto njo tubadilishe mwezi wake."

Nikawaeleza kwamba mwezi wa tano majani yangali mabichi chini, moto unatambaa, unababua majani na kuiacha miche, kisha jioni unazimika wenyewe. Agosti unapanda hadi vichwani mwa miti. Kitabu kingine pale parokia, cha misitu, kinasema vivyo hivyo: mahali panapochomwa kila mwaka kwa kuchelewa miti inakwisha, panapochomwa mapema mingi inapona. Yule mwanajeshi akaniuliza watu watawindaje panya wa porini bila moto wa Agosti. Nikajibu kwamba nyasi za bondeni zinaweza kungoja, milimani hapana. Akakuna kidevu, akasema nimesema kweli, akakaa. Hakuna aliyecheka tena.

Sasa nakuja kwako. Wewe ndiye unayewasha moto wa kwanza kijijini, na kabla yako hakuna anayethubutu. Nakuomba mwaka huu uuwashe mwezi wa tano kwenye shamba letu la zamani ng'ambo ya kijito, pale mama anapookota uyoga. Miche yake imenifikia begani. Ikipona mwaka huu na miaka michache ijayo, itaupita urefu wa moto, na hutahitaji kukata ule msitu wa juu ambao Baba mdogo ameanza kuutia alama. Bondeni waachie wawindaji Agosti yao.

Najua watakachosema: mtoto amekwenda shule, sasa anafundisha wazee moto. Waambie wazo ni la dada yako muuza makala. Tuone nani atambishia.

Jambo moja tu linaniuma. Kwetu mzaliwa wa kwanza ndiye anayebeba kijinga cha moto kutoka jikoni hadi mkononi mwako. Nimekibeba tangu nikiwa na miaka saba, na ni siku pekee ya mwaka ambayo sioni haya watu wakinitazama. Mwezi wa tano nitakuwa huku, najiandaa kwa mitihani. Uliniambia mzaliwa wa kwanza hapokonywi kijinga. Hakuna anayenipokonya, Baba. Nampa Banza. Mwonyeshe namna ya kukishika upepo ukimjia usoni, asiungue vidole.

Msalimie mama, na kambo, babu yetu aotaye jua mlangoni, na Baba mdogo hata akinuna, na katekista aliyenifundisha herufi. Shangazi anasema jibu lako lije pamoja na uyoga mkavu.

Ni mimi binti yako,
Numbi