Nani Alishika Kamera

Hancock, Michigan
9 Juni 1996

Mwanangu Darlene,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi sijambo, ukiacha hii nyonga niliyoivunja Machi, ambayo daktari anasema imepona na mimi nasema bado. Nyinyi hapo Duluth hamjambo? Kikohozi cha Kaisa kimeisha? Ningepiga simu, lakini kwenye simu nasikia nusu, halafu najibu ile nusu ambayo sikuulizwa.

Nina ombi. Unajua kila kiangazi mimi na marehemu mume wangu Reino tulikuwa tunampakia mwanetu Arvid garini, tunakwenda magharibi kusalimia ndugu. Kwanza kwa dada yangu Senja kule New York Mills, halafu kwa Urho, mdogo wake Reino, shambani kwake Dakota Kusini. Kila nyumba, siku ya kuaga, lazima ipigwe picha ya kuondoka. Watu wanasimama kando ya gari, milango wazi, wenyeji bado wanasukumia vyakula dirishani. Albamu yangu imejaa Arvid akikua kando ya milango ya magari. Watoto wake hawana hata picha moja ya namna hiyo.

Nataka uwapeleke. Mimi siwezi kukaa garini muda wote huo. Najua tangu mwanangu afe barabarani wewe na usukani hampatani, hata daraja la kwenda mji wa jirani wa Superior hulivuki, na kwangu mnakuja kwa basi. Ndiyo maana nilisita kuandika. Lakini Senja kazeeka, na Urho naye si kijana. Na nikuambie ukweli, naogopa. Kaisa alikuwa wa kubebwa baba yake alipofariki. Wewe bado kijana, maisha yatakupeleka pengine, kwa mtu mwingine, na watoto watakwenda nawe. Nataka wawe wameingia kwenye albamu kabla hawajanisahau.

Wabusu wote wawili.

Mama yako,
Aili


Duluth, Minnesota
18 Juni 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima wote. Kikohozi kimeisha, sasa ni zamu ya Eero, kang'oka meno mawili ya mbele na kila akiongea anapiga mluzi. Nyonga usiilazimishe. Najua unapanda ngazi za darini hata nikikukataza.

Barua yako niliisoma jikoni, nikaiweka, nikarudi kuisoma tena. Usiseme watakusahau. Kaisa akiona mwanamke yeyote mwenye mkongojo anamkimbilia akiita Bibi. Juzi dukani alimkumbatia mtu hatumjui.

Tutakwenda, wiki ya kwanza ya Julai. Usiniulize nitaendeshaje. Nimepiga moyo konde, na gari limewekewa breki mpya.

Kuna jambo lingine nataka tuzungumze, lakini si la kwenye karatasi. Litasubiri tuonane.

Mkweo akupendaye,
Darlene


New York Mills, Minnesota
7 Julai 1996

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia kadi hii mezani kwa Senja. Ni mzima, anakusalimu, anasema nyonga ni uvivu tu, yake ilivunjika na viazi akapanda. Safari imekuwa nzuri. Kaisa alitapika njiani, ila kwa bahati kulikuwa na kofia karibu. Kesho tunakwenda kwa Urho. Senja ameshajaza samaki waliokaushwa kwa moshi kwenye buti la gari mpaka nguo zetu zote zinanuka.

Mkweo,
Darlene


Duluth
16 Julai 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumerudi salama. Unaendeleaje? Mkongojo unautumia, au umeutundika mlangoni?

Kwa Urho tulikaa siku tatu. Unamjua, maneno yake ni ya kupima kwa kijiko, lakini watoto walimzunguka kama vifaranga. Jioni ya kwanza aliwasha jiko la sauna, chumba kikajaa mvuke. Wanaume waliingia kwanza, wakakaa humo mpaka nikadhani wameiva, ndipo mimi na Kaisa tukapata nafasi. Asubuhi Urho akampandisha Eero kwenye trekta. Ulimi ukamteleza, akamwita Arvid. Alipotambua alichosema akazima mashine, akaenda kuangalia ng'ombe, na hakurudi haraka. Mimi nililia nyuma ya ghala. Kilikuwa kilio kizuri, Mama, sijui nikuelezeje, sikuwahi kulia hivyo nikabaki mwepesi.

Nimeambatanisha picha mbili za kuondoka, ya kwa Senja na ya kwa Urho. Nilihakikisha milango iko wazi kama unavyotaka. Niambie kama zimekupendeza.

Mkweo,
Darlene


Duluth
20 Agosti 1996

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Tangu nikutumie picha sijapata hata mstari. Nilipokupigia simu ulisema "Nyonga nzuri," ukakata. Senja naye nikimpigia anazungumzia mvua.

Eero kila siku anakimbilia sanduku la barua. Ameniuliza kama umekasirika, nikamwambia Bibi anachuma matunda porini, hana muda. Lakini mimi mwenyewe sipati usingizi mzuri. Wewe ndiye mama niliyebaki naye. Arvid alipokufa, wewe ndiye uliyekuja ukalala sakafuni chumbani kwangu ili nisilale peke yangu. Nikikupoteza wewe sijui nitamwambia nani habari za siku yangu.

Kama nimekukosea, nigombeze. Kimya chako kinaniumiza zaidi.

Mkweo,
Darlene


Hancock
27 Agosti 1996

Mwanangu Darlene,

Salamu. Mimi sijambo. Nyonga ni nzuri kweli, hilo halikuwa uongo.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira. Halafu hasira ikaisha, ikabaki aibu ya kukaa kimya. Sasa kaa chini, nikuambie.

Miaka yote ile, aliyekuwa nyuma ya kamera ni mimi. Katika albamu nzima hunioni. Kwa hiyo nikipewa picha, siwatazami kwanza walio ndani, najiuliza nani alishika kamera. Ya kwa Senja nilijisemea labda jirani. Ya kwa Urho je? Urho yumo, kasimama kama mlingoti. Eero yumo, kibogoyo wangu. Kaisa yumo. Na wewe umo, umeshika mlango. Shamba lile limejitenga, jirani yake hata moshi wake hauuoni. Nani alipiga? Ng'ombe?

Nikarudia barua zako. "Wanaume waliingia kwanza." Wanaume gani? Urho anaishi peke yake. Mzee mmoja na mtoto wa miaka saba, tangu lini wakaitwa wanaume? Halafu ile kofia aliyotapikia Kaisa. Wewe huvai kofia hata Januari, nimekugombeza kwa hilo tangu uolewe. Nikachukua miwani ya kusomea, na ile nyingine nikaiweka juu yake. Chini ya picha, kwenye nyasi, kuna kivuli cha mtu mrefu mwenye kofia pana.

Nikampigia Senja. Nikamwambia, "Nani alimwendesha Darlene?" Akasema, "Nilikuwa nangoja uulize." Dada yangu huyo. Anasema ulimwomba asiseme, na yeye akakubali kutosema, lakini kudanganya hakukubali. Basi akamwaga yote. Anaitwa Lowell. Fundi wa mabasi ya shule. Ni Mswidi, na sisi Wafini tangu lini tukapatana nao? Mungu hakosi kunijaribu. Anaendesha polepole mpaka matrekta yanampita, na ukiona lori la magogo mbele na ukaanza kung'ang'ania mkanda, anaegesha pembeni mpaka lipite, wala haulizi kitu. Alilala kwenye kochi bila kuambiwa. Alimtengenezea Senja pampu ya kisima. Na Urho, naye nilimpigia, anasema sauna ilimshinda huyo Mswidi, alitoka mwekundu kama nyanya, akaomba radhi akarudi ndani.

Nilikasirika, Darlene. Si kwa sababu umepata mtu. Hilo nililiandika mwenyewe mwezi Juni, ingawa nilikuwa naomba nisiwe nimeliona sawasawa. Nilikasirika kwa sababu ulidhani ukinieleza nitakufungia mlango. Baada ya kulala sakafuni kwako, hivyo ndivyo unavyonijua? Na mimi nami, wiki zote hizi nimekufungia mlango kwa kunyamaza, kwa hiyo tuko sawa.

Kuna jambo moja zaidi. Kaisa hachekei wageni. Wewe unajua, mimi mwenyewe alinikunjia uso mwaka mzima. Katika picha ile anacheka mpaka macho yamefumba, na anamchekea yule aliye nyuma ya kamera. Nililia, sitakuficha. Cheko lile lilikuwa la Arvid kupewa. Nimelia siku kadhaa kwa ajili ya hilo. Halafu nikafikiri, je, kama asingekuwepo wa kupewa kabisa?

Njooni mwezi wa tisa. Msije kwa basi. Aje naye. Siku ya kuaga picha nitapiga mimi, na yeye asimame na wenzake. Mlango wa nyuma ndipo Arvid alipokuwa anasimama, hapo asisimame. Asimame mlango wa dereva. Hapo ni pake.

Mama yako,
Aili


Duluth
2 Oktoba 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tulifika salama. Mkate wa iliki uliotupa ulikwisha hata kabla hatujatoka Michigan, na aliyeumaliza si mtoto. Nyonga inasemaje baada ya kukimbizana na Kaisa bustanini? Nilikuona.

Lowell hajaacha kusimulia. Njia nzima ya kuja kwako alikuwa anafanya mazoezi ya kukusalimu, halafu ukafungua mlango ukaitazama kofia yake na kusema, "Kumbe iliosheka." Amesahau salamu zote. Lakini jioni ile ulipomwonyesha albamu, ukurasa kwa ukurasa, ukamweleza Arvid alikuwa na miaka mingapi kwenye kila mlango wa gari, alirudi kuitazama peke yake kabla hatujalala. Asubuhi akaniambia, "Sasa namfahamu kidogo." Nimekuandikia hili kwa sababu yeye hatakuambia.

Filamu imesafishwa. Nakutumia ile picha ya kuondoka uliyopiga. Mama, nisamehe, nilicheka mpaka mwenye duka akaja kuangalia. Eero yuko vizuri. Kaisa yuko vizuri. Mimi niko, hata nywele zimekaa. Lowell yuko kuanzia mabegani kwenda chini. Kichwa hana. Aliishika mkononi, akaitazama sana, kisha akasema kwa upole, "Labda ni ujumbe." Nimemwambia haiwezekani. Lakini kila akipita mezani anaitazama tena.

Mama, ni ujumbe?

Mkweo,
Darlene


Hancock
9 Oktoba 1996

Mwanangu Darlene,

Salamu kwenu wote. Mimi mzima. Ulichokiona bustanini hukukiona.

Mwambie si ujumbe. Maisha yangu yote ya kupiga picha sijawahi kumkata mtu kichwa, wala mkwe, wala mchungaji, wala Urho na urefu wake wote. Mwambie ilikuwa hivi. Nilipoinua kamera nikamwona kwenye kile kidirisha, kasimama mlango wa dereva kama alivyoambiwa, na mlango wa nyuma kauacha wazi, hakuna aliyeuziba. Kavua kofia, kaishika kifuani. Kaisa kakaa juu ya kiatu chake, kamkumbatia mguu. Macho yangu yakajaa maji, sikuona tena kichwa cha nani kinaishia wapi. Nikabonyeza tu.

Nimeibandika hivyo hivyo, ukurasa unaofuata baada ya Arvid. Haibanduki tena, nimeipaka gundi ya kutosha.

Lakini haiwezi kubaki peke yake, watu watauliza. Rudini kabla theluji haijafunga barabara. Safari hii nitaanza na kichwa.

Mama yenu,
Aili