Ulinikataza Kumsemesha Njiti

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kwenye adabu ulikuwa huna mchezo, hata kaburini nakuogopa.

Hamisi alipozaliwa wa miezi saba, nesi alinifundisha kumfunga kifuani, ngozi kwa ngozi. Hilo ulilikubali. Tulipofika nyumbani Lupaso ukaniambia, "Mbebe, mnyonyeshe, ila usimsemeshe wala usimpe jina. Njiti ni mgeni, hajaamua kukaa." Ulikuwa umezika wawili wa namna hiyo, wote umeshawaita majina. Sikubisha. Miezi mitano nilimbeba kama furushi, macho nikiyapeleka kwenye mikorosho.

Kliniki nesi akauliza jina la mtoto. Nikasema bado. Akamwita kwa sauti ya kubembeleza. Mtoto akatazama ukutani. Nesi hakunifokea. "Masikio yake mazima, mama. Nyumbani nani anaongea naye?" Nikamwambia hakuna. "Basi anza leo. Akiguna, mjibu. Akigeuza uso, kachoka, mwache kidogo."

Nilianza huku najiona mjinga. Nilimsimulia ugomvi wa majirani, korosho zilizolowa mvua, chochote kilichonijia. Ukaninunia siku mbili nzima. Wiki kadhaa baadaye mtoto alinikazia macho, akacheka, nami nikamwita Hamisi mbele yako. Ulitoka uani kuanua muhogo ambao haujakauka. Nilijua unalia, nikakuacha.

Sasa ana miaka sita. Alichelewa kusema na maneno mengine bado yanamkwama, ingawa kwa maswali hajambo, anachosha. Sijui ile miezi mitano ilimpunguzia nini, na hakuna wa kuniambia. Inaniuma. Wewe sikulaumu. Ulikuwa unanikinga mimi, mwanao, nisilie kama ulivyolia.

Mwezi uliopita mdogo wangu Zuhura kajifungua njiti kule Chilangala. Nilikuta shangazi na mawifi wamekaa kimya, mtoto yuko kifuani, Zuhura anatazama mlango. Nikauliza kulikoni. Shangazi akasema, "Marehemu mama yenu alikataza."

Nikawaambia kwamba siku zako za mwisho uliniita peke yangu, ukaagiza: njiti akizaliwa tena kwetu, apewe jina siku hiyohiyo na mama yake amsemeshe mpaka achoke.

Hukuwahi kusema hivyo, Mama. Nimekusingizia mbele ya ukoo mzima. Wamekutii.

Pumzika salama.

Binti yako,
Mama Hamisi