Kofi la Rukiya Halimo Kitabuni

Bi Salme mpendwa, niokoe kwa ushauri wako, maana huku Likoni nimejiingiza katika jambo ambalo nikilifikiria nacheka, na nikimaliza kucheka nashikwa na hofu.

Waujua ule mchezo wa redio, Dirisha la Rukiya, uliotushika wanawake wa mtaa huu mwaka mzima, ikifika Alhamisi jioni twajaa kwa Bi Mwanatatu mwenye redio, hata chungu kiungue jikoni hainuki mtu, na siku Rukiya alipomzaba kofi yule tajiri Jabali aliyetaka kumnunua kwa mikufu ya dhahabu tulipiga vigelegele hadi wanaume waliotoka msikitini wakauliza ni harusi ya nani. Mchezo ukaisha, tukawa kama tumefiwa, kisha tukasikia umetolewa kitabu, nikavuka feri kwenda kukinunua, na kwa kuwa ni mimi nijuaye kusoma kati yetu, Bi Mwanatatu akanikalisha kwenye kiti chake akasema, "Soma, mwanangu Barke, wala usiruke hata neno."

Nikasoma vizuri mpaka nikafika pale pa kofi, Bi Salme, na kofi halimo! Kitabuni Rukiya analia, anazimia, anazindukana, anavaa mikufu. Nikawatazama wenzangu, midomo wazi, wakilingojea kofi lao, nikashindwa, nikawasomea kofi ambalo halikuandikwa, tena nikaongeza la pili. Wakaruka! "Rudia hapo!" akapiga kelele Bi Mwanatatu. Tangu hapo kila jioni macho yangu yamo kitabuni na mdomo watunga, Rukiya amefungua duka la vitambaa Mkomani, Jabali ameanguka matopeni na kanzu yake.

Sasa hofu yangu ni Idarus, mpwa wa Bi Mwanatatu, aliyeniposa, nami sijajibu kwa kuwa naona haya kuonyesha furaha yangu. Juzi alinikuta mlangoni akaniuliza polepole, "Barke, nami nimekinunua kile kitabu. Mbona changu hakina matope?" Nilikimbia, wallahi! Kesho kutwa namaliza kitabu, na mwishoni Rukiya anaolewa na Jabali. Nisome yaliyoandikwa niwavunje moyo wenzangu, au nitunge Idarus anione mwongo?

Barke, Likoni

Barke mwanangu,

Nimecheka hadi miwani ikaanguka. Sasa ngoja nikugombeze. Wanawake wale wamekupa masikio yao kwa amana, nawe umewalisha chako ukiwaambia ni cha mwingine. Si haki, hata kama ni kitamu. Mwandishi naye namgombeza. Kitabu si lazima kifuate redio hatua kwa hatua. Rukiya angehamia Changamwe akauze vitumbua, nisingenung'unika. Lakini mwanamke aliyekataa kununuliwa redioni, ukimuuza kitabuni bila hata kutueleza kilichombadilisha, huyo si yeye tena, ni mwingine aliyeazimwa jina lake.

Soma mwisho kama ulivyochapwa. Kisha funga kitabu, useme wazi kwamba kofi na matope umetunga wewe. Wakikufokea, nyamaza. Na Idarus mjibu kwa mdomo wako mwenyewe, leo kabla ya kesho. Kijana aliyejua yote hayo asikuumbue mbele za watu, wamngojesha nini?

Salme

Nilimpelekea Barke jibu hili kwa mkono, asingojee gazeti, naye ameniletea haya:

Bi Salme, nimefanya! Nilipofunga kitabu na kusema, wenzangu walinigeukia wote. Bi Mwanatatu akanikazia macho. "Kwa hivyo lile kofi lilikuwa lako?"

"Langu, mama."

"Na la pili?"

"Na la pili."

Akaninyang'anya kitabu, akakisukuma chini ya mguu wa meza inayoyumba. "Haya, tupe mwisho wako, na leo tujue ni wako."

Nikawapa, wakacheka hadi wakashikana mabega. Nilipotoka, Idarus alikuwa mlangoni. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia "Nimekubali!" kwa sauti kubwa mno, hata jirani wa nyumba ya tatu akaitikia, "Alhamdulillahi!"